Skuli ya udaktari wa mifugo ihamie Pemba? Na fedha zitoke wapi?

#1 Mwana Chwale

Assalaam alaykum wanajamvi.

Nina hoja ambayo nimekuwa nikiitafuna peke yangu tangu msimu wa karafuu uliopita, na leo naileta hapa ili wenye meno makali kuliko yangu waimalize. Kijana wa Pemba anayetaka kuwa daktari kamili wa mifugo, yaani mwenye shahada, aghalabu hupanda boti hadi Unguja, akapanda nyingine hadi Dar es Salaam, kisha akashika njia ya Morogoro kukaa miaka mitano katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Kwetu sisi mafunzo ya afya ya mifugo yapo Kizimbani, kisiwani Unguja, katika chuo kilichounganishwa na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, na ninayoyafahamu mimi ni ya ngazi ya stashahada.

Ninalodai ni kwamba sehemu ile ya mifugo ing'olewe Kizimbani, ihamishiwe Pemba, na huko huko ipandishwe hadhi iwe skuli ya shahada. Pemba wafugaji wapo kila shehia, na Wawi ipo Maabara ya Afya ya Jamii ya Ivo de Carneri iliyofunguliwa mwaka 2000, ambayo imejijengea jina katika utafiti wa minyoo na vimelea, kwa hiyo walimu hawatakosa mwenza wa kufanya naye kazi. Isitoshe, kila kinachoitwa chuo kikuu kinarundikwa Tunguu, Mbweni na Chukwani, kana kwamba elimu ya juu haielei majini.

Kuhusu fedha sina jibu. Nadhani nchi rafiki zitachangia. Mnasemaje?

#2 Pweza wa Nungwi

Naunga mkono. Mchezo wa ng'ombe ukimalizika, majeruhi wote wa miguu miwili na wa miguu minne wataingizwa darasani moja kwa moja bila kujaza fomu.

#3 Mganga wa Ng'ombe

Mwana Chwale, umeanza na jengo, ilhali skuli ya namna hii huanza na mgonjwa. Kazi hii nimeifanya zaidi ya miaka thelathini na elimu yangu niliipata Morogoro, kwa hiyo niruhusu nieleze jambo ambalo wengi hawalioni wanapopanga bajeti.

Mwanafunzi wa udaktari wa mifugo hawezi kufundishwa kwa ubao peke yake. Ni lazima avae glavu ndefu, aingize mkono katika ng'ombe mpaka begani, ahisi kizazi chenye mimba changa kinavyotofautiana na kilicho kitupu, na alirudie hilo mara nyingi mpaka vidole vijue bila ya kuulizwa. Sasa ng'ombe mmoja hawezi kuingizwa mkono na wanafunzi ishirini asubuhi moja, kwani utumbo wake wa nyuma utachubuka na kuvuja damu, na mwenye ng'ombe hatakuita tena. Darasa la wanafunzi arobaini linadai kundi zima la ng'ombe wa kufundishia, pamoja na mbuzi, kuku, punda, mbwa na paka, na zaidi ya hao linadai wagonjwa wa kweli wanaoletwa na watu wa kweli, kila siku, kwa maradhi tofauti. Ukiona ndama mwenye ndigana kali, ugonjwa unaoletwa na kupe, mara moja kwa muhula, umeona picha tu.

Halafu kuna chumba cha kupasulia mizoga. Sakafu yake inataka mteremko, mfereji wake hauruhusiwi kuungana na wa mtaa, juu kuna winchi ya kumning'iniza ng'ombe mzima, pembeni chumba baridi, na nje tanuri la kuchomea mabaki. Chumba hicho kimoja kinakula fedha za madarasa kadhaa, na hakuna mgeni wa heshima anayependa kupigwa picha akikizindua.

Swali langu kwako halihusu Pemba au Unguja. Nataka kujua wagonjwa wa kutosha wapo wapi.

#4 Bint Wete

Mganga wa Ng'ombe, kwa heshima zote, wagonjwa wapo. Wanakufa kabla hawajahesabiwa. Mwaka jana ng'ombe wangu wa maziwa alianza uchungu baada ya Isha, na ilipofika saa sita za usiku ulikuwa umetokeza mguu mmoja tu wa ndama. Nilimpigia simu bwana mifugo wa eneo letu, naye alikuwa upande wa pili wa kisiwa kwa mgonjwa mwingine. Akaja alfajiri kwa pikipiki, akaosha mkono kwa sabuni ya kufulia, akaurudisha ndani ule mguu uliotoka, akautafuta wa pili uliokunjika gotini, akaufunga kamba laini ya katani, na sisi wanawake watatu tukavuta kila ng'ombe anapokaza. Ndama alitoka mfu. Mama yake alisimama siku ya tatu.

Yule kijana ana stashahada na mikono yake ni ya baraka, sina la kumlaumu. Lakini aliniambia wazi kwamba palipohitajika upasuaji yeye hana ruhusa wala vifaa vya kuufanya, na daktari wa kuufanya hakuwa karibu. Kwa hiyo mnapouliza wagonjwa wako wapi, mimi nauliza hesabu zenu zimetoka katika daftari gani, maana wangu hakuandikwa popote.

#5 Mhesabu Kunde

Pole sana Bint Wete.

Nimefanya kazi ya hesabu katika taasisi za elimu, na nitasema la upande huo. Fedha za kujenga hupatikana. Za kuendesha ndizo zinazokimbiza watu. Mradi wa Elimu ya Juu kwa Mageuzi ya Kiuchumi, maarufu kwa jina la HEET, ni mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 425 ulioidhinishwa mwaka 2021 kwa vyuo vya umma vya Tanzania, na chuo chetu cha taifa ni miongoni mwa wanufaika. Mkopo wa aina hiyo hujenga madarasa, hununua vifaa na husomesha walimu. Haununui majani ya ng'ombe wa kufundishia mwaka wa saba, wala haulipi mshahara wa mkamuaji, wala mafuta ya tanuri alilolitaja Mganga wa Ng'ombe.

Skuli ya biashara ikikosa fedha muhula mmoja, walimu hununa na marka za ubao huadimika. Skuli ya mifugo ikikosa fedha wiki mbili, ng'ombe wanakonda mbele ya macho ya wanafunzi wanaofundishwa jinsi ya kunenepesha ng'ombe.

#6 Pweza wa Nungwi

Hiyo nayo ni somo: lishe, kwa vitendo.

#7 Kijana wa Bweleo

Mbona chuo cha Kihindi, IIT Madras, kimefungua tawi Bweleo mwaka 2023 na mambo yanakwenda? Hakikujenga mji mzima kwanza. Tukaribishe chuo kikubwa cha mifugo cha nje, kije na jina lake na walimu wake, wanafunzi walipe ada, na sisi tutoe ardhi.

#8 Mhesabu Kunde

Kijana wa Bweleo, tawi lile lilianza na masomo ya sayansi ya data na akili mnemba. Kompyuta hailishwi majani, haizai usiku wa manane na ikifa haihitaji tanuri. Mfano wako ni halali kwa upande wa ada, lakini ada ya mwanafunzi wa udaktari wa mifugo mahali pengi duniani haitoshi kumsomesha mwenyewe; Serikali au wakfu hujazia. Na wateja wako watakuwa watoto wa wakulima, si wa mabenki.

#9 Msomi wa Kabete

Naomba niingize historia. Afrika Mashariki imeshaihamisha skuli ya mifugo kutoka nchi moja hadi nyingine, kwa hiyo la kutoka Unguja hadi Pemba lisitutishe. Skuli ya Makerere ilihamishiwa Kabete, Nairobi, pale Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kilipovunjika mwaka 1970, na Kenya ikaichukua.

#10 Mwalimu Mkaazi

Msomi wa Kabete, kisa ni sahihi na tarehe si sahihi. Kuhama kutoka Makerere hadi Kabete kulifanyika mwaka 1962, kabla hata Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki hakijaanzishwa rasmi mwaka 1963. Mwaka 1970 ndipo chuo hicho kilipogawanyika na kila nchi ikabaki na chake. Tarehe hizo zina maana hapa, kwa sababu kilichofuata ndicho tunachopaswa kukiogopa: Uganda haikukubali kubaki mikono mitupu, ikaanzisha skuli yake upya Makerere mwanzoni mwa miaka ya 1970. Tanzania nayo ikaanzisha mafunzo yake Morogoro, ambayo mwaka 1984 yakaingia katika Chuo Kikuu cha Sokoine. Skuli moja ya kanda ikawa tatu.

Kwa maneno mengine, ukiihamisha skuli usidhani umehamisha; umezaa. Kizimbani haitakaa kimya. Miaka kumi baadaye watadai yao irudi, na tutakuwa na skuli mbili zenye ng'ombe wanne.

#11 Mwana Chwale

Nashukuru kwa michango. Mwalimu Mkaazi, mfano wako unaweza kusomwa kwa upande wa pili. Nchi tatu zilipata skuli tatu, na leo hakuna anayesema Uganda ilikosea kuwa na yake. Kwa nini Zanzibar pekee ndiyo iambiwe isubiri kwa mkubwa? Kilimo na mifugo si mambo ya Muungano, tuna wizara yetu, tuna taasisi yetu ya utafiti wa mifugo. Elimu nayo ni yetu.

#12 Wakili wa Vuga

Marekebisho madogo. Mifugo kweli si jambo la Muungano, na elimu ya skuli za chini pia. Elimu ya juu, hata hivyo, imo katika orodha ya mambo ya Muungano iliyo katika Nyongeza ya Kwanza ya Katiba, ndiyo maana Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania inaidhinisha programu za vyuo vya pande zote mbili. Skuli yako itajengwa na Serikali ya Mapinduzi, itapimwa na Tume ya Muungano, na wanafunzi wake watakimbilia bodi mbili za mikopo, ile ya Muungano na ile ya Zanzibar. Hilo si pingamizi. Ni mlolongo wa milango, na kila mlango una mlinzi wake anayetaka kuuliza ng'ombe wangapi mnao.

#13 Fundi Kupe

Mtu amenitumia uzi huu faraghani akisema Pemba ndiyo mahala pazuri kwa kuwa "kule walishawamaliza mbung'o kwa mionzi". Naomba jambo hili liwekwe sawa kabla halijageuka hadithi. Mbung'o walitokomezwa Unguja, si Pemba. Pemba haikuwa nao. Unguja walikuwepo, hasa Jozani na misitu ya kusini, nao walieneza nagana kwa ng'ombe. Kuanzia mwaka 1994 wakaachiwa kutoka kwenye ndege madume waliohasiwa kwa mionzi, zaidi ya milioni nane kwa jumla, waliozalishwa Tanga kwa msaada wa Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki. Jike akipandwa na dume kama huyo hazai. Mwaka 1997 kisiwa kikatangazwa kuwa hakina mbung'o.

Naileta habari hii kwa sababu nyingine pia, nayo inahusu fedha. Mradi ule ulipata wafadhili kwa kuwa ulikuwa na mwisho: inzi wakiisha, ripoti inaandikwa, watu wanapeana mikono na kurudi kwao. Skuli haina mwisho. Mfadhili akiuliza "lini mtamaliza?", jibu la kweli ni kwamba hatutamaliza, kila mwaka wataingia wanafunzi wengine. Nimeona wafadhili wengi wakinyamaza baada ya sentensi hiyo.

#14 Mganga wa Ng'ombe

Fundi Kupe amesema kweli, ingawa wapo wafadhili waliovumilia. Majengo ya mifugo pale Morogoro yana mkono wa Denmark, na ushirikiano ule ulidumu miaka mingi, walimu wakienda Copenhagen na wengine wakija kwetu. Lakini Denmark ile ya miaka ya themanini ilikuwa na moyo wa aina nyingine. Siku hizi anayetoa fedha anataka neno "afya moja" katika ukurasa wa kwanza, yaani binadamu, wanyama na mazingira kwa pamoja.

#15 Daktari wa Mapafu

Madhali "afya moja" imetajwa, mimi ni wa binadamu na nitaitetea Pemba. Kichaa cha mbwa kilitokomezwa Pemba mwaka 2014 baada ya kampeni za kuchanja mbwa, kikarejea mwaka 2016, na mwaka 2018 kikatokomezwa tena. Mbwa wa Pemba ni wachache, wengi wao wa wawindaji, na bahari inawazuia wa nje wasiingie ovyo. Kisiwa ni maabara ya aina yake: unaweza kuhesabu, kuchanja na kujua umefika wapi, jambo ambalo huwezi kulifanya Morogoro, ambako ng'ombe na mbwa hutembea hadi Dodoma bila kuonesha pasi. Skuli ya Pemba isishindane na Morogoro kwa wingi wa ng'ombe. Bara ina ng'ombe zaidi ya milioni 30 na hatutawafikia. Ishindane kwa magonjwa ya visiwani, maradhi yanayovuka kutoka kwa mnyama kwenda kwa mtu, na ukaguzi wa nyama na samaki wanaoliwa mahotelini.

#16 Bint Wete

Daktari wa Mapafu, hapo umenena. Tena wanyama wanaoshuka bandarini kutoka Tanga wapate mtu wa kuwatazama usoni.

#17 Msafiri wa Kaskazini

Salamu kutoka baridini. Naishi Norway na nimekishuhudia kisa kinachofanana sana na huu. Skuli yao ya juu ya udaktari wa mifugo ilianzishwa mwaka 1935, ikakaa Adamstuen, ndani ya Oslo, mpaka mji ukaizunguka. Mwaka 2008 Bunge lao likaamua ihamie Ås, mji mdogo wenye chuo cha kilimo, kiasi cha kilomita 30 kusini. Mwaka 2014 vyuo viwili vikaunganishwa kwa jina moja. Unajua lini ng'ombe na maprofesa walihama kweli? Mwaka 2021. Miaka 13 tangu uamuzi, katika nchi yenye mafuta na mfuko wa akiba ambao dunia nzima inauonea wivu. Jengo la mifugo ni tata: hewa ya chumba cha maambukizi haitakiwi kutoka nje, na kila bomba lina masharti yake.

Edinburgh nao waliihama Summerhall, katikati ya mji, wakaenda Easter Bush mwaka 2011. Kinachowaondoa mjini ni kile kile. Skuli hizi zilijengwa zama ambazo mgonjwa mkuu alikuwa farasi, na farasi alikuwa mjini akivuta magari. Farasi alipoondoka, skuli ilibaki imeshika kiwanja cha thamani ilhali ng'ombe wako shamba. Kwetu hatuna tatizo hilo, kwani Kizimbani ni shamba tayari. Kwa hiyo Mwana Chwale atueleze: wenzetu walihama mjini kwenda shamba, wewe unahama shamba kwenda shamba jingine lenye bahari katikati. Faida iko wapi?

#18 Mwana Chwale

Msafiri, faida ni kwamba upande ule wa bahari nako wanaishi watu.

#19 Mkwe wa Mkoani

Hapo amekupata, Msafiri. Lakini tuzungumze la wafanyakazi, ambalo watu wanalikwepa kwa adabu. Mimi nimewahi kuhamishwa kikazi kutoka Unguja kwenda Pemba. Kazi ilikuwa nzuri na watu wakarimu, nilikula mikate ya ajemi mpaka suruali ikagoma. Mke wangu ni mwalimu Unguja na uhamisho wake haukutoka, watoto walikuwa katikati ya madarasa, na kila Alkhamisi jioni nilikuwa bandarini. Baada ya miaka miwili niliomba kurudi. Profesa mwenye shahada tatu, anayetafutwa na Morogoro, Nairobi na mashirika ya kimataifa, unadhani atavumilia miaka mingapi? Msipoandika katika bajeti nyumba za walimu, posho ya mazingira na skuli nzuri za watoto wao, mtajenga dahalia za wanafunzi wasio na wa kuwafundisha.

#20 Kijana wa Bweleo

Na umeme je? Chumba baridi chenye mizoga kikizimikiwa siku mbili, Wawi nzima itahama.

#21 Bint Wete

Kijana wa Bweleo, Pemba ina waya wa chini ya bahari kutoka Tanga tangu mwaka 2010. Ni Unguja mliokaa gizani miezi mitatu, kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010, si sisi. Tulikuwa tukiwatumia pole.

#22 Pweza wa Nungwi

Waya wa Pemba ulilipiwa kwa msaada wa Norway. Msafiri wa Kaskazini, wape salamu, waambie sasa tunaomba na ng'ombe.

#23 Mzee wa Darajani

Wanangu, nawasoma tangu asubuhi. Kwa nini kila mtu anatazama nje? Serikali imeweza kumtoza kila mgeni dola 44 za bima ya safari tangu Oktoba 2024, na wageni wanaendelea kuja. Ongezeni dola moja tu ya mifugo. Mgeni anakula nyama, anakula mayai, anakunywa maziwa. Achangie daktari wa anayemla.

#24 Mhesabu Kunde

Mzee wangu, shikamoo. Wazo lina utamu, ila ile ni bima: fedha zake zinapaswa kumlipa mgeni anapougua au kupoteza mzigo, haziwezi kuhamishwa kwenda kulisha mitamba. Utakalolitaka wewe ni tozo mpya yenye sheria yake, na foleni ya wanaotaka tozo ya utalii ni ndefu: bahari, taka, Mji Mkongwe, barabara. Mifugo itasimama nyuma ya wote hao.

Wengine watasema karafuu. Nawaomba wasiseme. Bei ya karafuu hupanda na kushuka, na mkarafuu hauzai vizuri kila mwaka, kwa hiyo mwaka wa mavuno haba ng'ombe wa skuli watafunga Ramadhani mara mbili.

#25 Mwana Chwale

Basi ardhi. Kizimbani ikiachwa, eneo lile si linaweza kupewa mwekezaji na mapato yakajenga Pemba? Wenzetu wa Ulaya huuza kiwanja cha zamani.

#26 Wakili wa Vuga

Ardhi ya Zanzibar ni mali ya Serikali na anachopata mwekezaji ni haki ya matumizi kwa mkataba wa miaka. Kodi ya ukodishaji ingekuja kidogo kidogo, tena ingeingia mfuko mkuu, si mfuko wa skuli, isipokuwa sheria itamke hivyo. Na Kizimbani ni shamba la kihistoria la utafiti na viungo. Ukilitoa kwa hoteli, uzi utakaofuata hapa utakuwa mrefu kuliko huu.

#27 Fundi Kupe

Mfano wa kuhama tunao karibu, na hatuhitaji kwenda Ulaya. Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliyoanzishwa mwaka 1978, ilikaa miaka mingi Mizingani, mbele ya bahari, ndani ya Mji Mkongwe, ikabanwa, na ikajengewa kampasi Buyu, pia mbele ya bahari. Ilifuata samaki wake. Ndiyo kanuni pekee ninayoiamini: skuli ifuate mnyama wake. Sasa ng'ombe wa maziwa wengi waliochanganywa damu nimewaona Unguja, karibu na soko la mjini na mahoteli, na ng'ombe wa asili na wa kulimia nimewaona zaidi Pemba. Mtu akiniambia skuli itafundisha ng'ombe gani, nitamwambia iende wapi.

#28 Mganga wa Ng'ombe

Hapo sikubaliani nawe, Fundi. Daktari lazima awajue wote wawili. Ng'ombe wa asili wa Pemba atapigwa na kupe mwaka mzima na atakutazama tu. Mtamba wa kigeni, kupe wale wale wakimwambukiza ndigana kali, utakuta tezi la chini ya sikio limevimba kama limau, homa imepanda, pumzi fupi, na mwishoni povu puani. Ukiwahi kwa dawa anapona. Ukichelewa siku tatu unachimba shimo. Mwanafunzi aliyewaona wa aina moja tu atakosea kwa wa aina ya pili. Kwa sababu hiyo napendekeza mgawanyo: miaka ya mwanzo ya anatomia, kemia na dawa isomwe Unguja, kwenye maabara zilizopo, miaka ya wagonjwa igawanywe, nusu Pemba, nusu kwa makubaliano na Morogoro. Pemba ijengwe hospitali ya wanyama ya kufundishia, si skuli nzima. Hospitali hiyo ingemfaa Bint Wete kesho, hata kabla ya mhitimu wa kwanza.

#29 Mkwe wa Mkoani

Nani atalipa nauli za boti za wanafunzi arobaini?

#30 Mwalimu Mkaazi

Na zaidi ya nauli, mgawanyo wa namna hiyo hugeuka desturi. Pemba itapewa hospitali "kwa kuanzia", na mwanzo huo utadumu miaka thelathini. Mwana Chwale anaomba skuli kwa sababu anajua ukiomba skuli unapewa tawi, na ukiomba tawi unapewa kibao cha barabarani.

#31 Daktari wa Mapafu

Mwalimu, hata hivyo hospitali inayofanya kazi ni bora kuliko skuli iliyo katika hotuba. Mimi nimewahi kusafirisha sampuli kutoka Pemba katika kasha la barafu. Boti ikachelewa, barafu ikawa maji, na ofisi moja niliyoipelekea ikanirudishia karatasi iliyoandikwa "haifai". Mnyama alikuwa amezikwa. Laiti kungekuwa na mtu wa kuisoma pale pale, tungejua kilichomuua.

#32 Mhesabu Kunde

Nina swali moja kwa mwenye uzi. Vyovyote itakavyokuwa, skuli au hospitali, mradi hauanzi bila ya hati ya ardhi, na eneo linalotakiwa si dogo: malisho, mabanda, shimo la mizoga lililo mbali na visima. Unasema watu wa Pemba wako tayari. Wewe mwenyewe uliwahi kutuambia katika uzi wa mihogo kwamba mna shamba Chwale, limelala halilimwi. Je, mtalitoa?

#33 Mwana Chwale

Mhesabu, umenifikisha ukutani. Ni eka tatu alizopewa marehemu babu baada ya Mapinduzi, na warithi tuko saba. Watano nimewauliza leo hii, wawili wamekubali, wawili wamesema wanataka kuona hiyo hati kwanza, mmoja amecheka. Wa sita yuko Muscat na hajibu simu.

#34 Pweza wa Nungwi

Na wa saba?

#35 Mwana Chwale

Wa saba ni mimi. Nina ng'ombe wangu wawili pale, nami sijaamua nitawahamishia wapi.